Mwandiko wa Mama Usumani

Kwa miaka kumi na saba, hapakuwa na ndoa iliyoungwa upya katika mitaa ya Muhima bila Shami kuitwa na kalamu yake. Hakuwa wakili, hakuwa kiongozi wa mtaa, wala hakuna aliyempigia kura. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na moja, akishona kanzu na sare za shule kwenye kibaraza kilichotazama mteremko wa Nyabugogo. Mwanawe wa pekee alikuwa Kigoma akiuza vipuri, na ni kwa jina la mwana huyo watu walimwita: Mama Usumani. Ila alikuwa na mwandiko. Mwandiko ule ulikuwa mali kuliko cherehani.

Aliurithi kwa baba yake, karani wa duka la vitambaa, naye baba aliurithi kwa babu aliyepanda kutoka pwani na mizigo ya kaniki, akafika Ujiji, akavuka, akaoa, akasahau kurudi. Herufi za Shami zilisimama wima na kushikana mikono, hazikupanda wala kushuka hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Vijana wa siku hizi, wanaoandika kwa vidole gumba juu ya kioo cha simu, walizitazama kama watu wanaotazama ngoma ya zamani.

Sasa, desturi yenyewe ni hii. Mwanamke akipigwa, hufunga nguo zake na kurudi kwao. Mume hukaa wiki, hukaa mbili, hula mikate na chai mpaka achoke, kisha hutuma watu, na mwisho huja mwenyewe na wazee wake kumchukua mke. Haji mikono mitupu. Kwa Wakristo ni kreti za bia, kwa Waislamu ni kreti za Fanta, na kwa wale waliochanganyika huja zote mbili na kila mtu anajua akae upande gani. Mwenyekiti hufungua kikao, mume huulizwa, mke huulizwa, mtu huomba radhi, chupa hufunguliwa. Mpaka hapo hakuna jipya, hata majirani zetu ng'ambo ya mipaka hufanya hivyo. Lakini Mnyarwanda hawezi kuondoka kwenye kikao bila karatasi. Hata ukoo uliogombania mbuzi utaandika: tarehe, majina, namba za vitambulisho, namba za simu, sahihi ya kila mmoja, nakala mbili. Wazee, kwa Kifaransa chao cha zamani, waliiita pe-ve. Na pe-ve za Muhima, za Mkristo na za Mwislamu, ziliandikwa na Mama Usumani.

Aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ni Mzee Habiyaremye, mwenyekiti wa karibu vikao vyote. Huyu alikulia Bukoba, akaendesha malori nusu ya umri wake, na Kiswahili chake alikitembeza kila mahali kama cheti. Siku ya kwanza Shami alipoandika neno kwa neno yaliyosemwa, mzee aliichukua karatasi, akaisoma, akaichana polepole.

"Mama Usumani," alimwambia, "karatasi inaishi kuliko watu. Watoto wao wataisoma kesho kutwa. Usiandike aibu. Andika amani."

Basi akajifunza kuandika amani. Ilikuwa sentensi moja: "Baada ya kutoelewana kidogo nyumbani, pande zote mbili zimesameheana." Sentensi hiyo ilimwenea kila mtu kama kanga. Aliyezabwa kofi moja ilimtosha, aliyepigwa teke la tumbo ilimtosha, na aliyefungiwa nje na mtoto mgongoni usiku wa mvua nayo ilimtosha. Mwanamke akilia, mama zake humwambia kwa Kinyarwanda, "Niko zubakwa," yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Shami naye huinua kichwa kidogo na kuuliza namba ya kitambulisho.

Asije mtu akadhani alikuwa mwanamke mbaya. Aliamini kabisa anachofanya. Marehemu mumewe hakuwahi kumnyanyulia mkono, wala hata sauti, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliposikia ndani ya kikao kwamba fulani amepigwa, alisikia kama mtu anavyosikia kwamba mahali fulani kumetokea mafuriko. Alihuzunika, akaandika tarehe.

Kikao cha Liliane kilifanyika Jumapili moja ya mwezi wa tatu, nyumbani kwa baba yake, Johnson, mwenye duka la rangi za nyumba, aliyelelewa Kampala na kurudi kijana. Liliane alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza vifaa vya simu dukani kwa mtu. Mumewe, Mugenzi, alikuwa mtunza ghala, na wakati huo walikuwa wamejenga vyumba vitatu Niboye. Liliane alikaa kwenye mkeka pembeni ya mama zake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko.

Mugenzi alipoulizwa hakuzunguka. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Nilikosa. Nilimpiga na mchi, ule ya kutwanga sombe. Ni hasira. Sitarudia."

Wazee walifurahi. Mwanamume anayekubali kosa ni mwanamume, walisema, na wengine wakapiga makofi. Ikaja sasa shida ya kuandika, maana kutoelewana kidogo hakuvunji mfupa, na plasta inaonekana na kila mtu. Mjomba wa Mugenzi ndiye aliyeuliza: mkono huu tunauandikaje? Mzee Habiyaremye alifikiri kidogo, akasema, "Andika aliteleza kwenye ngazi."

Shami aliinua kalamu. Katika miaka yote alikuwa ameficha mambo, lakini uongo mtupu alikuwa hajaandika. Alimtazama mzee. Mzee akamtazama yeye. Chupa zilikuwa zimeshatolewa kwenye kreti na zinatoa jasho mezani. Kalamu ilikaa hewani kwa muda wa kumeza mate, kisha ikashuka na kuandika, kwa herufi zilezile zilizoshikana mikono, kwamba mke aliteleza kwenye ngazi akaumia mkono wa kulia.

Walipofika kwenye sahihi, Liliane hakuweza kushika kalamu. Shami akamfungulia kidau cha wino wa mihuri, akamshika dole gumba la kushoto, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Dole lile lilikuwa la baridi na halikukataa wala kusaidia. Liliane aliisoma karatasi yote huku wengine wakigombania kifungulio cha chupa. Jioni hiyo alirudi Niboye na mumewe.

Miezi kumi na minne ilipita. Mugenzi alirudia, kama wanavyorudia, na safari hii zilivunjika mbavu mbili. Liliane hakwenda kwa baba yake. Huko alishakwenda na alisharudishwa. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, akiwa amejikunja nyuma ya dereva kama gunia lililolegea, akaenda polisi, kutoka polisi akapelekwa hospitali, na jalada likafunguliwa. Mugenzi akakamatwa kazini.

Hapo watu wengi hudhani hadithi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza. Kesi iliahirishwa mara nne. Mara ya kwanza wakili wa mshtakiwa aliumwa, mara ya pili hakimu alikuwa kwenye mafunzo, mara ya tatu mtandao ulikwama, ya nne mshtakiwa hakuletwa. Kila mara Liliane aliomba ruhusa dukani, na baada ya ile ya nne tajiri yake alimwambia apumzike kabisa. Ilipokuja kusikilizwa, aliulizwa alimwambia mumewe nini hata akakasirika. Aliulizwa kwa nini majirani hawakusikia kelele. Aliulizwa kwa nini, kama kweli alivunjwa mkono mwaka ule, alirudi mwenyewe kwa miguu yake kulala na huyo aliyemvunja. Alijibu yote kwa sauti ndogo, naye karani akamwomba arudie kwa sauti kubwa.

Kisha wakili wa Mugenzi, Ntare, kijana nadhifu aliyesoma vizuri na ambaye hakuwahi kumkosea mtu adabu, alitoa karatasi moja kwenye bahasha ya plastiki. Mwanamke huyu, alisema, huanguka, halafu humsingizia mumewe. Anataka nyumba ya Niboye. Huu hapa ushahidi, umeandikwa na familia zote mbili, una majina tisa, vitambulisho tisa, na alama ya dole gumba lake mwenyewe: aliteleza kwenye ngazi. Hata hizo mbavu, nani ajuaye? Waliokuwepo ni wawili tu.

Mwendesha mashtaka, mwanamke kijana mwenye majalada mengi kuliko mikono, alijua kuwa karatasi ile ikisimama, Liliane ataonekana mwongo katika yote na Mugenzi atarudi nyumbani. Akaomba muda awatafute walioweka sahihi. Upande wa Mugenzi wote walisema ngazi. Mzee Habiyaremye alisema kichwa chake siku hizi ni chujio. Johnson, baba mzazi, alisema wakati Mugenzi anaongea yeye alikuwa jikoni akitafuta kifungulio. Likabaki jina moja, la katibu, Shami.

Liliane alikuja kibarazani siku ya Jumatano, saa tano asubuhi. Shami alikuwa akipindisha kola ya kanzu. Alimwona tangu kule chini akipanda polepole, mkono mmoja ubavuni.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Asante, Mama Usumani. Kukaa iko inaniuma, nitasimama tu." Aliegemea nguzo. "Sikuje kukulaumu."

"Najua."

"Watakuletea karatasi ya kukuita. Nimesema nikuambie mimi kwanza, isikushitue."

Shami alikata uzi, akajaribu kuuingiza tena kwenye tundu la sindano, akalikosa. "Baba yako amesemaje?"

"Papa anasema alikuwa ku jikoni." Liliane alicheka kidogo, akashika ubavu. "Nyumba yetu, Mama Usumani, ku jikoni unasikia mpaka mtu anakohoa ku salon, pale mlikaa. Wewe mwenyewe unajua."

Shami alijua. Alitaka kusema kwamba ni mtu mzima, ana presha, mahakamani hajawahi kukanyaga hata siku moja. Alitaka kusema kwamba aliambiwa aandike. Yote hayo yalikuwa kweli na yote aliyaonea aibu kabla hayajatoka mdomoni. Badala yake akamuuliza kama anakula vizuri. Liliane akasema anakula. Kisha akateremka na njia aliyojia.

Mzee Habiyaremye hakuchelewa. Alifika siku iliyofuata na fimbo yake na kilo mbili za sukari, na tangu lini mzee yule alileta sukari? Aliketi, akasifu kanzu, akauliza habari za Usumani na Kigoma. Ndipo akasema:

"Mama Usumani, wewe ni mtu wa akili. Wewe uliandika. Ukienda kule kusema uliandika uongo, watauliza, huyu mama aliyeandika uongo, yeye tunamfanya nini? Kuandika uongo ku karatasi ni kosa, wanafunga watu. Mimi sikutishi. Mimi nakwambia kama dada yangu."

"Ni wewe uliniambia niandike, mzee."

"Mimi?" Mzee alifungua viganja. "Iko wapi imeandikwa kwamba mimi nilikwambia?"

Haikuandikwa popote. Kwa mara ya kwanza Shami aliuona ubaya wa kazi yake kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Katika karatasi zote zile, mamia kwa mamia, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mwandiko. Wengine walikuwa na sahihi tu, na sahihi haisemi.

"Na tena," mzee aliongeza akiinuka, "familia gani itakuita baada ya hapo? Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ikianza kusema, watu watanunua nyingine."

Alimwachia sukari. Shami hakuigusa kwa siku tatu, siku ya nne akaigawa kwa majirani. Aliogopa, na hapana haja ya kulipamba jambo hilo. Aliogopa jela, aliogopa Usumani kusikia, na zaidi ya yote aliogopa kukaa kibarazani Jumapili bila kuitwa na mtu. Akiswali, aliomba kesi iahirishwe mara ya tano, na alijua ni dua ya aina gani.

Haikuahirishwa. Aliingia mahakamani na kitenge chake cha Idi, akaketi benchi la nyuma, akaitwa, akaapa. Mambo yote yalikwenda kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda cha mahakamani ni kirefu na kina adabu, hata tusi hulivalisha koti. Hakimu, mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyoishusha puani, alimwonyesha karatasi.

"Mwandiko huu unaujua?"

"Ni wangu."

"Uliandika mwenyewe? Hakuna aliyekushika mkono?"

"Niliandika mwenyewe."

"Imeandikwa mke aliteleza kwenye ngazi. Ulimwona akiteleza?"

"Sikumwona."

"Kuna mtu kikaoni aliyesema alimwona?"

"Hakuna. Nyumba waliyokuwa wakikaa haina ngazi."

Jambo hilo hata yeye hakuwa amelifikiria mpaka lilipotoka. Mwendesha mashtaka aliinua kichwa kutoka kwenye majalada yake. Hakimu akauliza, basi kikaoni lilisemwa nini, na Shami akasema: kwamba Mugenzi alisimama, akavua kofia, akasema alimpiga mkewe na mchi wa kutwanga sombe kwa sababu ya hasira, na kwamba hatarudia. Kwamba watu walipiga makofi. Kwamba kisha mwenyekiti alimwambia aandike ngazi, naye akaandika.

Ntare alisimama taratibu. "Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini mahakama isaidiwe. Ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Ni ipi?"

"Nilidanganya siku ile."

"Na tukuamini leo kwa nini?"

Shami alifikiri. "Siku ile nilikunywa Fanta na watu wakanishukuru," alisema. "Leo hakuna atakayenishukuru. Na yule mtoto alitia dole la kushoto. Yeye anaandika kwa mkono wa kulia, mkono ulikuwa umevunjika. Mimi ndiye niliyemshika hilo dole."

Ntare aliketi. Shami alisikia karani wa mahakama akiendelea kubonyeza mashine yake. Alikuwa akiandika mchi. Alikuwa akiandika watu walipiga makofi. Maneno yalikuwa yakiingia kama yalivyotoka, bila mtu wa kuyafuta uso, na Shami, aliyeandika maisha yake yote, aliona aibu. Hakimu alimuuliza kama amezoea kuandika hivyo.

"Ndivyo tunavyoandika."

"Ninyi nani?"

"Vikao vya familia."

"Umeandika karatasi ngapi za namna hii?"

Alisema hajui. Hakimu alimtazama juu ya miwani, akamwambia kwamba aliyoyakiri ni mazito, kwamba mahakama itaamua baadaye kama kuna hatua ya kuchukua juu yake, na kwamba kwa leo anaweza kwenda kuketi. Liliane hakugeuka kumtazama. Alikuwa amefumba macho.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Mugenzi alipatikana na hatia na akafungwa, karatasi ya ngazi ikatupwa nje ya ushahidi, na kuhusu nyumba ya Niboye Liliane akaambiwa afungue shauri lingine, kwenye foleni nyingine. Juu ya katibu, hakimu aliandika kwamba alionywa. Mistari miwili tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Shami alijua ameumbuliwa kwa bei nafuu kuliko alivyostahili. Johnson hakuja mahakamani siku hiyo, alikuwa dukani, na binti yake hakumpigia simu kumweleza.

Mzee alitabiri sawasawa. Jumapili ya kwanza hakuitwa, ya pili hakuitwa, na ya tatu alisikia kwamba kikao kimeandikwa na kijana wa benki mwenye kompyuta ndogo. Wanaume waliokuwa wakimsalimia kwa mikono miwili sasa waliona shughuli upande wa pili wa barabara. Kanzu nazo zilipungua, wenye kanzu wakiwa ndio hao hao wenye vikao.

Wanawake ndio walioanza kuja. Hawakuja kushukuru, wala hakutarajia. Wa kwanza alikuwa Umulisa, muuza nyanya na vitunguu soko la Kimironko, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu aliyefika asubuhi ya Jumatatu akiwa bado na aproni ya kazini. Alitoa karatasi kutoka kwenye pochi iliyofungwa kifuani, akaikunjua juu ya meza ya kushonea. Ilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini mwandiko ulikuwa bado mzima.

"Mama Usumani, nimesikia kazi uliyofanya ku mahakama," alisema. "Na mimi nataka kwenda. Bwana yangu haachi. Mwanamke wa sheria ameniambia, kama iko mtu aliyesikia zamani akikubali, itanisaidia sana. Nikasema, huyo mtu ninaye."

Shami alivaa miwani. Alisoma tarehe. Alisoma majina saba, namba saba za vitambulisho, namba za simu ambazo nyingi hazipatikani tena. Alisoma kwamba kreti zilikuwa tatu. Alifika kwenye sentensi: baada ya kutoelewana kidogo nyumbani, pande zote mbili zimesameheana. Aliisoma mara mbili. Aliinua macho akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, paji la uso, pua, kovu jembamba lililopita kwenye nyusi, akatafuta.

"Ilikuwa kwa dada yangu, hapa hapa Muhima," Umulisa alimsaidia. "Wewe ulikaa karibu na mlango. Nilikaa hapa, wewe pale. Bwana alisimama akasema yote, hakuficha hata kidogo. Unakumbuka alivyosema?"

Shami alizitafuta sauti. Alipata nyumba nyingi zenye milango, wanaume wengi waliosimama na kofia mkononi, chupa nyingi. Alipata wanawake wamekaa chini, wengi mno, na wote walikuwa na uso mmoja. Kitu kimoja tu kingeweza kumkumbusha yaliyosemwa siku ile, nacho kilikuwa hapo mezani, kwa mkono wake mwenyewe, na hakikusema neno.

Angeweza kusema ndiyo. Mwanamke yule alikuwa mkweli, kovu lilionekana, na nani angejua? Akafungua mdomo, akakumbuka kalamu iliyokaa hewani, akaufunga.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unisamehe."

Umulisa hakukasirika. Aliichukua karatasi, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye pochi, akaifunga pochi kifuani. Alisimama pale kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka.

"Mimi sikuhangaika kukumbuka maneno yake," alisema. "Nilidhani wewe unayo, maana ndiye uliyekuwa unaandika."